Kuziba ufa hakutoshi: mdudu wa kerneli aliyefufuka

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila mtoto aliyepitia shule ya msingi hapa Kenya ameibandika methali hiyo kwenye insha angalau mara moja. Leo nataka kubishana nayo kidogo. Kwenye kerneli ya mfumo endeshi, hasa pale miito ya mfumo inapopokelewa, msimamo wangu ni kwamba aliyeziba ufa amefanya nusu ya kazi. Ukimaliza kuziba, jenga na ukuta.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kushuka huko chini, tuanze na mwito wenyewe. Programu yako, iwe ni kivinjari au kaprogramu ka Python ka mistari kumi, haina ruhusa ya kugusa diski, kadi ya mtandao wala kumbukumbu ya programu nyingine. Ikitaka lolote kati ya hayo lazima iombe kerneli. Kwenye mashine za x86 za biti 64 zinazoendesha Linux, programu inaweka nambari ya ombi katika rejista iitwayo rax (kusoma ni 0, kuandika ni 1), inaweka vigezo katika rejista nyingine kama rdi na rsi, kisha inatekeleza agizo la syscall. Papo hapo prosesa inapanda cheo, kutoka mpangaji hadi mwenye nyumba, na kurukia mahali ambapo kerneli ilimwelekeza wakati mashine inawaka. Kerneli inaangalia nambari, inafungua jedwali la anwani, na kuita funksheni iliyoko kwenye nafasi hiyo. Basi. Hiyo ndiyo safari nzima, na mashine yako inaifanya maelfu ya mara kwa sekunde bila wewe kujua.

Sasa angalia shida iliyopo. Kila kilichomo ndani ya rejista hizo kimewekwa na mtu ambaye kerneli haimjui. Nambari inaweza kuwa ya uongo. Anwani inaweza kuelekeza ndani ya kerneli yenyewe. Urefu unaweza kuwa hasi. Msimbo wa kupokea miito ni kama askari wa geti kwenye jengo la ofisi mjini: kazi yake yote ni kutoamini.

Mwaka 2007 Wojciech Purczynski aligundua kwamba askari huyo, kwenye Linux ya biti 64, alikuwa anasoma nusu tu ya kitambulisho.

Ilikuwa hivi. Kerneli ya biti 64 bado inakubali miito ya mtindo wa zamani wa biti 32, ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Huko nambari ziko tofauti (kuandika ni 4, si 1), jedwali ni tofauti, na nambari inakuja katika eax. Lakini eax si rejista nyingine. Ni nusu ya chini ya rax. Msimbo wa asembli ulilinganisha eax na kikomo cha jedwali, yaani biti 32 za chini, halafu ukachukua rax nzima, biti 64 zote, kutafuta nafasi kwenye jedwali. Kama nusu ya juu ni sufuri, hakuna neno. Na waandishi wa msimbo walijua hilo, ndiyo maana mwanzoni kabisa mwa njia hiyo waliisafisha nusu ya juu.

Ila kulikuwa na njia ya pembeni. Linux ina mwito uitwao ptrace, ambao unaruhusu programu moja kuisimamisha nyingine inapoingia kwenye kerneli, kuchungulia rejista zake na hata kuzibadilisha. Ukiisimamisha programu yako mwenyewe baada ya usafishaji ule, ukajaza nusu ya juu ya rax utakavyo, kisha ukairuhusu iendelee, kerneli ilisoma rejista upya na kufanya ulinganisho wa nusu. Nusu ya chini ilisema 4, kila kitu sawa. Rax nzima ilielekeza mbali kabisa na jedwali, hadi kwenye kumbukumbu ambayo wewe mwenyewe umeipanga. Kerneli ilichukua anwani uliyoiweka hapo na kuiita, ikiwa na mamlaka yake yote. Mtu mwenye akaunti ya kawaida kwenye mashine anakuwa root.

(Kichekesho chenyewe: strace, kifaa ambacho sisi sote tunakimbilia tukitaka kujua programu inaiomba nini kerneli, kinafanya kazi kupitia ptrace hiyohiyo. Dirisha letu la kuchungulia ndilo lililokuwa mlango wa mwizi.)

Kiraka kilitoka Septemba 2007, katika toleo la 2.6.22.7. Kiini chake ni kuisafisha tena nusu ya juu baada ya ptrace kumaliza. Ufa ukazibwa, watu wakalala.

Mwaka 2008 msimbo wa ptrace kwenye x86 ulipangwa upya ili njia za biti 32 na biti 64 zifanane. Kazi nzuri, ilihitajika. Katika kupanga huko, usafishaji ule ukapotea. Hakuna aliyeuona ukipotea, kwa sababu ulikuwa agizo moja la asembli lisilo na maelezo ya kwa nini liko hapo, na kuondoka kwake hakuharibu programu yoyote ya mtu mwema. Septemba 2010 Ben Hawkes akaukuta ufa uleule, mahali palepale, ukiwa wazi kwa karibu miaka miwili.

Hapa ndipo kisa kinaponivutia, kwa sababu safari hii vilitoka viraka viwili. Kimoja, cha Roland McGrath, kilirudisha usafishaji. Hicho ni kuziba ufa, sawa na 2007. Cha pili, cha H. Peter Anvin, kilifanya jambo dogo zaidi na kubwa zaidi: kilibadilisha ulinganisho wenyewe ili upime rax badala ya eax. Yaani kile kinachopimwa sasa ni kilekile kinachotumika. Baada ya hapo, hata mtu akija kesho akafuta usafishaji tena, nambari ya ajabu itagonga kikomo na kurudishwa. Huo ndio ukuta ninaouzungumzia, na ulijengwa kwa kubadili herufi moja moja tu kwenye asembli, cmpl ikawa cmpq. Kama kiraka hicho kingeandikwa 2007, kilichotokea 2008 kingekuwa uchafu tu, si tundu la usalama.

Ukitaka kuona kwa nini kasoro ya namna hii hujificha, washa kerneli ndani ya QEMU ukiwa na gdb pembeni, simamisha kwenye mapokezi ya mwito, na uchapishe rejista. Ukiandika p/x $eax utaona nambari ya kawaida, mpole kama mwanakondoo. Ukiandika p/x $rax ndipo utaona biti za juu zimejaa. Ni rejista ileile na sekunde ileile. Msaka kasoro anayeuliza swali alilouliza msimbo atapata jibu lilelile la uongo ambalo msimbo ulipata. Kwa hiyo mimi nikiwa kwenye mapokezi ya miito nachapisha kila kitu kwa upana wote, na siamini jina la kigezo lililo kwenye C mpaka nimeona baiti zenyewe.

Kisa cha 2009 ni cha familia hiyohiyo, ingawa kinajulikana kidogo. Kwenye baadhi ya mashine za biti 64, kama s390, PowerPC na SPARC, makubaliano kati ya kompaila na msimbo yanasema kwamba anayeita funksheni ndiye anayehakikisha kigezo cha biti 32 kimepanuliwa vizuri ndani ya rejista ya biti 64, alama yake ya hasi au chanya ikiwemo. Kompaila ikijua hivyo haihangaiki kupima tena. Ni makubaliano mazuri kati ya marafiki. Lakini kwenye mwito wa mfumo anayeita ni programu ya mtumiaji, na yeye hajasaini makubaliano yoyote! Anaweza kuleta rejista ambayo nusu yake ya juu ni takataka, kerneli ikapima thamani moja na kutumia nyingine.

Njia ya mkato ingekuwa kupitia funksheni moja moja na kuongeza upimaji pale palipo na hatari. Heiko Carstens hakufanya hivyo. Januari 2009 aliingiza makro ziitwazo SYSCALL_DEFINE, na miito ikaanza kuandikwa kupitia hizo. Makro inapokea kila kigezo kikiwa na upana wote wa rejista, kisha yenyewe inakipunguza hadi aina inayotakiwa. Leo ukiandika mwito mpya kwenye Linux hutafikiria kuhusu jambo hili hata kidogo. Hujui kama umelindwa, na hiyo ndiyo sifa ninayoitafuta kwenye ukuta.

Basi turudi karibu zaidi. Linux 4.13 ilitoka Septemba 2017. Ndani yake mwito wa waitid, ambao mzazi hutumia kungojea habari za programu mtoto, ulikuwa umeandikwa upya ili uwe mwepesi. Prosesa za kisasa zina kinga inayozuia kerneli kugusa kumbukumbu ya mtumiaji kwa bahati mbaya. Kila mara kerneli ikitaka kuandika huko kwa makusudi inabidi ifungue kinga hiyo na kuifunga tena, na kufungua na kufunga kuna gharama. Waitid inaandika vitu kadhaa mfululizo. Kwa hiyo wazo lilikuwa: fungua mara moja, andika vyote kwa unsafe_put_user, funga. Jina lenyewe linakuonya kwamba funksheni hiyo haipimi anwani. Anayeitumia anatakiwa awe amekwisha kuipima kwa access_ok.

Hakuna aliyeipima. Ukiipa waitid anwani iliyo ndani ya kerneli, iliandika huko bila kuuliza. Chris Salls aliigundua, na Oktoba 2017 Kees Cook akatuma kiraka cha kuongeza upimaji, tena mahali pawili, kwa sababu njia ya biti 32 ilikuwa na tundu lilelile. Alama ya sparse, ile __user ambayo Linux huweka kwenye anwani za mtumiaji ili makosa yagunduliwe wakati wa kujenga, haikuweza kusaidia. Inajua anwani ni ya mtumiaji. Haijui kama umeipima.

Angalia umbo la kosa. Kulikuwa na hatua mbili zilizotakiwa kwenda pamoja, kupima na kufungua, na msimbo uliziacha ziwe mistari miwili inayojitegemea. Ukiwa na mistari miwili inayojitegemea ndani ya mradi wenye maelfu ya waandishi, kuisahau mmoja ni suala la muda. Januari 2019, katika maandalizi ya Linux 5.0, Linus Torvalds alibadilisha user_access_begin, ile funksheni ya kufungua, ili ipokee anwani na urefu na kupima yenyewe. Tangu hapo hufungui bila kupima, kwa sababu mfunguaji ndiye mpimaji. Kati ya kiraka na ukuta ilipita zaidi ya mwaka mmoja. Kwangu mimi huo ni muda mrefu mno, lakini ni afadhali kuliko 2007.

Jamaa mmoja tunayefanya naye kazi alinipinga vizuri nilipomweleza haya tukila chakula cha mchana. Alisema: lakini bwana, hao unaowasifu kwa kupanga upya ndio hao hao waliomrudisha mdudu! Mwaka 2008 ni kupanga upya. Waitid ni kupanga upya. Kama kila mtu angeziba ufa wake na kuacha msimbo wa zamani utulie, tungekuwa salama zaidi.

Nakubali nusu. Ni kweli kwamba visa vyote viwili vilizaliwa siku mtu alipohamisha msimbo. Lakini msimbo utahamishwa tu, upende usipende. Prosesa mpya zinakuja, mashine za zamani zinaachwa, na njia mbili zinazofanana zitaunganishwa na mtu asiyevumilia kuona marudio. Swali ni kitu gani kinasafiri pamoja nao. Upimaji uliokaa pembeni unaachwa nyuma kama sufuria siku ya kuhama nyumba. Upimaji ulio ndani ya kitendo chenyewe unahama nacho. Ndiyo sababu naona hoja ya rafiki yangu inanisaidia mimi kuliko inavyomsaidia yeye.

Hoja ya kasi haina uzito mkubwa hapa. Kupima anwani kwa access_ok ni kulinganisha nambari tu. Na pale ambapo kasi ilikuwa sababu ya kweli, kama kwenye waitid, ukuta haukuirudisha gharama iliyookolewa: bado unafungua mara moja.

Kuna pingamizi moja ninalolikubali kabisa. Usiku ambao tundu limejulikana na kuna seva zinangoja, tuma kiraka kidogo kabisa kinachoweza kukaguliwa kwa dakika tano na kupelekwa kwenye matoleo ya zamani. Usianze ujenzi wakati moto unawaka. Ninachokataa ni kufunga faili asubuhi inayofuata na kuandika "imekwisha". Kwenye ukaguzi wa msimbo kazini nina swali moja ambalo wenzangu wamelichoka: mtu akifuta mstari huu mwakani bila kujua, nini kitamwambia? Jibu likiwa "maelezo yaliyo juu yake", kazi haijaisha. Likiwa "jaribio litaanguka", tunaweza kuzungumza. Leo ndani ya Linux kuna saraka nzima ya majaribio ya mapokezi ya x86, yakiwemo yanayobadilisha rejista kupitia ptrace. Mwaka 2007 haikuwepo. Likiwa "kompaila itakataa", namnunulia chai.

Nani anaumia ufa ukirudi? Si mwandishi wa kerneli. Biashara nyingi ndogo hapa kwetu zinakodi kipande cha mashine ambayo ndani yake kuna wateja wengine wasiowajua, na siku hizi kipande hicho mara nyingi ni kontena. Kontena zote kwenye mashine moja zinatumia kerneli moja. Duka la mtandaoni la mama fulani lenye orodha ya wateja na malipo yao linalindwa dhidi ya jirani yake na askari yuleyule wa geti niliyemtaja. Simu za Android nazo zinakaa juu ya Linux, na nyingi mikononi mwetu hazipati toleo jipya baada ya mtengenezaji kuzichoka. Kiraka cha pili cha kasoro ileile huenda kisiwafikie kabisa.

Vyuoni somo la mifumo endeshi nalo lingesaidia kama lingefundishwa kwa mikono. Wengi wetu tulichora duara mbili, mshale katikati, tukaandika "kiwango cha mtumiaji" na "kiwango cha kerneli", tukapata alama zetu. Ukitaka kuelewa, chukua xv6, kerneli ndogo ya kufundishia kutoka MIT, yenye mistari isiyofika elfu kumi. Kwenye toleo la RISC-V, kerneli inatumia jedwali lake la kurasa ambalo halina ramani ya anwani za programu ya mtumiaji. Jaribu kusoma anwani ya mtumiaji moja kwa moja bila kupitia copyin, na kerneli itaanguka hapo hapo kwa panic. Haitafanya kazi kwenye mashine yako halafu ishindwe kwa mteja. Wanafunzi wanalalamika kwamba inakera. Waache walalamike, wamegonga ukuta ulio mahali pake.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke akidhani kila ufa una ukuta wake tayari. Chukua kasoro ya kusoma mara mbili. Kerneli inasoma urefu kutoka kumbukumbu ya mtumiaji, inaupima, inaridhika na kutenga nafasi. Baadaye inanakili muundo mzima tena kutoka palepale, urefu ukiwemo. Kati ya usomaji wa kwanza na wa pili, uzi mwingine wa programu hiyohiyo umeshabadilisha urefu. Anwani ni halali mara zote mbili, access_ok imeridhika mara zote mbili, na bado kerneli inaandika nje ya nafasi iliyotengwa. Mwaka 2016 hili lilipatikana ndani ya ioctl ya kuondoa nakala za data kwenye mafaili, katika fs/ioctl.c. Dawa ilikuwa kuhakikisha urefu unaotumika ni ule uliopimwa, kwenye funksheni ile moja.

Kwenye kerneli yangu ndogo ninayocheza nayo jioni nimejaribu kuifanya anwani ya mtumiaji kuwa aina yake yenyewe, muundo wenye nambari ndani ambao C haitakuruhusu kuufungua kama pointa, na funksheni ya kunakili inayouteketeza muundo huo baada ya matumizi moja. Ukitaka kusoma tena huna cha kusomea. Inafanya kazi kwa miito kumi na minne niliyo nayo. Kwa ioctl, ambapo kila dereva ana muundo wake na urefu wake, bado sijaona umbo ambalo ningeweza kumpelekea mtu wa Linux bila kufukuzwa, na nikilipata nitaliandika hapa.